Mwili wa Mtu Aliyefunga

Katika mishipa ya mtu mzima mwenye afya huzunguka damu ipatayo lita 5, na katika damu hiyo yote sukari iliyoyeyuka haizidi sana gramu 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake huhitaji gramu 120 hivi za sukari hiyo kila siku, yaani gramu 5 kwa kila saa. Kwa hesabu hiyo, kama sukari iliyomo katika damu ingekuwa ndiyo akiba yote ya mwili, basi mtu aliyekula daku usiku angezimia muda mfupi tu baada ya tumbo lake kuwa tupu. Hata hivyo mvuvi wa Bagamoyo hufunga, huenda baharini, huvuta nyavu, hurudi pwani na kungoja adhana ya Magharibi, na fahamu zake zi timamu. Ipo basi hifadhi mahali fulani, na upo pia utaratibu wa kuigawa.

Makala hii yakusudia kueleza hifadhi hiyo na utaratibu huo, na kisha kuyapima madai mengi yanayotolewa siku hizi juu ya manufaa ya kufunga. Neno mfungo limetumiwa hapa kwa maana pana: kukaa bila chakula kwa muda usiopungua saa 12 na usiozidi siku 3, iwe kwa ibada, kwa nia ya kupunguza unene, au kwa amri ya daktari. Mambo ya ibada yenyewe yana wenyewe. Sayansi haina la kuongeza wala la kupunguza humo. Lakini mwili wa mwenye kufunga hutii kanuni zile zile, nia iwe iwavyo.

Ghala la ini

Aliyegundua ghala la sukari ni Mfaransa Claude Bernard, mtaalamu wa elimu ya utendaji wa mwili aliyefanya kazi mjini Paris. Katika zama zake wataalamu walidhani kuwa ni mimea tu iwezayo kuunda sukari, na kwamba wanyama huipata kwa kula. Mwaka 1848 Bernard alionyesha kuwa damu itokayo katika ini la mbwa aliyelishwa nyama tupu ina sukari, ingawa chakula chake hakikuwa nayo. Mwaka 1855 aliliosha ini kwa kupitisha maji katika mishipa yake mpaka dalili zote za sukari zikatoweka, kisha akaliacha. Siku ya pili yake alilikuta lina sukari tele. Kulikuwamo basi ndani ya ini lenyewe kitu kilichogeuka kuwa sukari, na mwaka 1857 alifaulu kukitenga, akakiita glikojeni.

Glikojeni ni wanga wa wanyama. Kama vile muhogo unavyoweka akiba yake kwa kuunganisha chembe nyingi za sukari iitwayo glukosi, ndivyo ini linavyofanya baada ya kila mlo. Kongosho hutoa homoni ya insulini, nayo insulini huamuru ini na misuli kupokea glukosi na kuihifadhi. Ini la mtu aliyeshiba vizuri huweza kuwa na glikojeni ipatayo gramu 100. Misuli kwa jumla huwa na nyingi zaidi, gramu 300 hadi 400, lakini hapa pana tofauti ambayo ndiyo msingi wa mambo yote yanayofuata: misuli haina kimeng'enya cha kuirudisha glukosi katika damu. Msuli hujiwekea wenyewe na kujilia wenyewe. Ini, kinyume chake, ni ghala la ukoo mzima, na mlango wake hufunguliwa kila mara sukari ya damu inapoanza kupungua.

Na tumfuate mtu aliyekula daku saa 10 za usiku. Chakula huendelea kusagwa na kufyonzwa kwa muda wa saa 4 hadi 6 hivi, kwa hiyo hadi saa 3 au 4 asubuhi bado anakula kutoka tumboni mwake. Baada ya hapo insulini hupungua na homoni nyingine ya kongosho, glukagoni, hupanda. Ini hufungua ghala, na wakati huo huo mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi na tumboni huanza kuachiliwa kidogo kidogo yapate kuchomwa na misuli, moyo na ini lenyewe. Glukosi huachiwa ubongo na chembe nyekundu za damu. Jua linapokuchwa, saa 12 na nusu hivi, ghala la ini limepungua sana lakini kwa kawaida halijakauka.

Msomaji atazame sasa jambo ambalo mara nyingi halitazamwi. Mtu asiyefunga ambaye amekula chakula cha usiku saa 1 na kunywa chai ya asubuhi saa 2, amekaa saa 13 bila chakula. Aliyefunga Ramadhani hapa kwetu, karibu na Ikweta, amekaa saa 14 hivi baina ya daku na futari. Kwa upande wa chakula tofauti baina ya watu hawa wawili ni ndogo mno. Tofauti kubwa ni kwamba mmoja alikuwa amelala naye mwenzake alikuwa kazini juani, na kwamba mmoja angeweza kuamka akanywa maji, ilhali mwenzake hakunywa. Ndiyo sababu matokeo ya utafiti uliofanywa Ulaya au Marekani, ambako wanaofunga hunywa maji, chai na kahawa isiyo na sukari, hayafai kuhamishwa moja kwa moja na kubandikwa kwenye saumu ya mwambao.

Ghala likiisha

Mfungo ukiendelea mpaka kufikia saa 24 hivi, ghala la ini huwa karibu tupu. Hapo mwili hukutana na tatizo gumu. Mafuta ni mengi: mtu wa kilo 70 asiye mnene huwa na kilo 12 hivi za mafuta, na kwa kuwa kila gramu hutoa kilokalori 9, hiyo ni akiba ya zaidi ya kilokalori 100,000, nayo yatosha kwa wiki nyingi. Lakini ubongo hauwezi kuyatumia mafuta hayo jinsi yalivyo, wala asidi za mafuta haziwezi kugeuzwa kuwa glukosi. Sehemu ndogo tu ya mafuta, gliseroli, yageuzika. Glukosi iliyobaki hutengenezwa na ini kutokana na asidi amino, na asidi amino hutoka katika protini za misuli. Katika siku za kwanza za kukaa bila chakula kabisa, mtu mzima hupoteza gramu 75 hivi za protini kila siku, na kwa kuwa robo tatu hivi ya msuli ni maji, hiyo ni sawa na kuchinja gramu 300 za nyama ya mwili wake kwa siku. Kama hali ingeendelea hivyo, mtu asingeweza kuishi hata mwezi mmoja.

Lakini ilijulikana tangu zamani kuwa wapo walioishi zaidi ya hapo. Mwaka 1912, katika maabara ya lishe mjini Boston, Francis Benedict alimchunguza Agostino Levanzin, mtu wa Malta, aliyekaa siku 31 akinywa maji tu. Mkojo wake, pumzi yake na joto la mwili wake vilipimwa siku baada ya siku, na ikaonekana kuwa upotevu wa naitrojeni, ambayo ni alama ya kuvunjwa kwa protini, ulipungua kadiri mfungo ulivyoendelea. Mwili ulikuwa umepata njia ya kuinusuru misuli. Njia hiyo haikueleweka vizuri mpaka mwaka 1967, George Cahill na wenzake walipoonyesha kuwa ubongo wa mtu aliyefunga kwa muda mrefu huacha kutegemea glukosi peke yake, ukachoma ketoni, yaani vitu ambavyo ini huvitengeneza kutokana na asidi za mafuta. Kabla ya hapo vitabu vilifundisha kuwa ketoni ni taka tu za ugonjwa wa kisukari. Kumbe ni mafuta yaliyobadilishwa sura yapate ruhusa ya kuingia katika ubongo.

Ketoni huanza kuonekana katika damu baada ya saa 12 hadi 18 za mfungo, lakini kwa kiasi kidogo. Hupanda kwa nguvu siku ya pili na ya tatu, na mtu aweza kuzinusa katika pumzi yake kama harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ifahamike basi kwamba mtu anayefunga kwa saa 14 na kufungua hafiki huko. Husimama mlangoni, akachungulia, kisha akarudi.

Hapa pia ndipo penye maelezo ya furaha ya kilo mbili. Kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na maji yapatayo gramu 3. Mtu akifunga siku mbili na kumaliza gramu 400 za glikojeni, mizani itaonyesha upungufu wa zaidi ya kilo moja na nusu kwa sababu hiyo tu, mbali na chumvi na maji mengine yanayotoka na mkojo. Mafuta yaliyochomwa hasa katika siku moja ya kukaa bila chakula hayazidi sana gramu 160. Akila ugali siku ya tatu, maji yote hurudi, naye hudhani amerogwa.

Manufaa yanayodaiwa

Siku hizi kufunga kumekuwa bidhaa. Vitabu huuzwa kwa wingi, na mbinu zina majina na tarakimu: kula ndani ya saa 8 na kuacha saa 16, kufunga siku mbili katika juma, kufunga siku moja na kula siku ya pili. Wanaozihubiri hudai kuwa hupunguza unene, hushusha sukari, husafisha damu, na hata kurefusha maisha. Madai hayo si ya uzito mmoja.

Kuhusu unene, majaribio ya kuaminika yapo. Mwaka 2017 ulichapishwa nchini Marekani uchunguzi wa watu 100 kwa muda wa mwaka mzima, wengine wakifunga siku moja na kula siku ya pili, wengine wakipunguza chakula kidogo kila siku. Upungufu wa uzito haukutofautiana, na waliojitoa walikuwa wengi zaidi katika kundi la kufunga. Mwaka 2020 watu 116 walichunguzwa kwa wiki 12. Waliobana milo yao ndani ya saa 8 bila kuagizwa kupunguza kiasi walipungua kama kilo moja tu, na tofauti baina yao na waliokula kwa kawaida haikuwa na maana ya kitakwimu. Mwaka 2022 huko Guangzhou nchini China, watu 139 wenye unene walipunguza chakula kwa miezi 12. Nusu yao walikula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Hawa walipungua kilo 8.0 kwa wastani, na wenzao kilo 6.3, tofauti ambayo watafiti hawakuweza kuitenga na bahati nasibu. Kufunga kwaweza kumsaidia mtu kula kidogo, na kula kidogo humpunguza. Hakuna uchawi mwingine uliothibitishwa. Ambaye kwake ni rahisi kuacha mlo mzima kuliko kujizuia katika kila mlo, na afanye hivyo; ambaye tabia yake ni kinyume, asidhani amepungukiwa.

Kuhusu sukari na insulini, upo uchunguzi mdogo wa mwaka 2018 unaostahili kufikiriwa. Wanaume 8 waliokuwa wakikaribia kupata kisukari walikula chakula chao chote ndani ya saa 6 za mwanzo wa mchana, mlo wa mwisho ukiwa kabla ya saa 9 alasiri, kwa wiki 5. Ingawa hawakupungua uzito, insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi na shinikizo la damu likashuka. Watu 8 ni wachache mno kujenga juu yao kanuni, lakini jambo lenyewe lapatana na yanayojulikana juu ya mwili: asubuhi huipokea sukari vizuri zaidi kuliko usiku. Kwa mfungaji wa Ramadhani saa zimegeuzwa. Sahani ya muhogo wa nazi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati na uji humfikia wakati ambapo mwili wake una uwezo mdogo wa kuipokea, na wakati mwingine humfikia mara tatu kabla ya kulala. Katika jumla ya uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali, wafungaji hupungua kilo moja hivi kwa wastani mwisho wa mwezi, na sehemu kubwa hurudi baada ya wiki chache. Wapo pia wanaoongezeka, na mpishi wao anajulikana.

Dai la kurefusha maisha limepata nguvu kutokana na kazi ya Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Yeye alizinyima chakula seli za hamira, akaona chini ya hadubini jinsi zinavyozungushia utando sehemu zao wenyewe na kuzisaga zipate kutumika upya. Jambo hilo Christian de Duve wa Ubelgiji alikwisha kulipa jina mwaka 1963: autofajia, yaani kujila. Ni elimu kubwa na ya kweli. Lakini kutoka hamira hadi mwalimu wa Morogoro ni safari ndefu. Hata panya wa maabara si kipimo chepesi, maana panya mdogo akikosa chakula siku moja tu hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwake yeye siku moja ni njaa kali, si mfungo. Ni saa ngapi za mfungo zinazoamsha autofajia katika viungo vya binadamu, na kwa faida gani, ni swali ambalo halijajibiwa kwa vipimo, na anayetaja idadi kamili ya saa anauza.

Ama dai la kusafisha damu kwa kutoa sumu, hilo halina msingi. Ini na figo hufanya kazi hiyo usiku na mchana, mtu awe ameshiba au ana njaa, na figo huifanya vizuri zaidi zikipata maji.

Maji na joto

Mwili hauna ghala la maji. Hata mtu asiyefanya kazi hupoteza zaidi ya nusu lita kwa siku kwa pumzi na ngozi, bila kutoa jasho la kuonekana, na figo zahitaji nusu lita nyingine angalau ili kutoa taka. Mpagazi, mjenzi au mama anayekaanga vitumbua jikoni penye moto huongeza juu yake jasho la lita kadhaa.

Mwezi wa Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa hiyo huzunguka majira yote katika miaka 33 hivi. Mjini London, ukiangukia Juni, saumu huzidi saa 18. Hapa kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana, ila joto hubadilika. Mwaka 2014 mfungo ulianguka Juni na Julai, wakati wa kipupwe. Mwaka 2024 ulianza Machi, wakati joto la kaskazi bado halijaondoka. Kazi ile ile, saa zile zile, lakini mzigo wa figo si ule ule. Mtu mzima mwenye figo nzima huuhimili, naye hufidia usiku. Mwenye figo dhaifu, mwenye mawe ya figo, au anayemeza vidonge vya kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu, mambo yake ni mengine. Maumivu ya kichwa ya siku za kwanza, ambayo wengi huyapa sababu ya njaa, mara nyingi hutokana na kukosa maji, usingizi, na kahawa au chai aliyoizoea.

Mgonjwa wa kisukari

Hapa ndipo hatari ilipo kubwa na ndipo elimu ilipo ndogo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, kuanzia Moroko hadi Indonesia, uliwahusu wagonjwa wa kisukari zaidi ya 12,000. Ilionekana kuwa 79 katika kila 100 wa aina ya pili ya kisukari, na 43 katika kila 100 wa aina ya kwanza, walifunga siku zisizopungua 15. Kushuka kwa sukari kwa kiasi cha kuhitaji hospitali kuliongezeka wakati wa mfungo, mara 4.7 kwa aina ya kwanza na mara 7.5 kwa aina ya pili.

Sababu yake yaeleweka kutokana na maelezo ya ghala. Katika mtu mzima wa afya insulini hupungua yenyewe tumbo linapokuwa tupu, na ndipo ini hufungua mlango. Mgonjwa aliyejidunga insulini asubuhi hana uwezo wa kuipunguza. Imo mwilini na itafanya kazi yake, chakula kiwepo kisiwepo. Ndivyo ilivyo pia kwa kidonge cha glibenklamidi, ambacho kwa kuwa ni cha bei nafuu kimetumiwa sana katika nchi zetu. Kidonge hicho huisukuma kongosho kutoa insulini, na nguvu yake huweza kudumu siku nzima. Aliyekimeza daku kama alivyozoea kukimeza na chai ya asubuhi, atafikia alasiri akiwa na insulini nyingi na ghala lililofungwa. Kwanza hutetemeka, hutoka jasho jembamba, moyo humwenda mbio; kisha husema maneno yasiyoeleweka, akaonekana kama mlevi au mwenye hasira; kisha huzimia. Jamaa zake hudhani ni njaa ya kawaida, wakamwambia avumilie, imebaki saa moja. Saa hiyo moja yaweza kumuua.

Metformini, kidonge kingine cha kisukari, kikitumiwa peke yake hakileti hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, na kwa wengi yatosha kukihamishia futari na daku. Lakini kuacha dawa zote kwa kuwa ‘nimefunga’ nako kuna hatari yake upande wa pili: sukari hupanda, mkojo huongezeka, maji yanayopotea hayarudishwi, na kwa mgonjwa wa aina ya kwanza damu huweza kujaa ketoni hadi kuwa na asidi. Ketoni zile zile zilizomwokoa Levanzin humwua huyu, kwa sababu hana insulini ya kuzizuia zisipite mpaka.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa mwongozo juu ya jambo hili mwaka 2016 na kuurekebisha mwaka 2021. Lashauri mgonjwa aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, ili apimwe kiwango cha hatari yake na dawa zipangwe upya. Akifunga, apime sukari mchana; na ikishuka chini ya miligramu 70 katika kila mililita 100 za damu, yaani milimoli 3.9 kwa lita, au ikipanda juu ya 300, yaani milimoli 16.6, afungue papo hapo. Wanazuoni wengi wamekubali kwamba kutoboa kidole kwa ajili ya kupima hakubatilishi saumu, na ruhusa ya mgonjwa kutofunga inajulikana na kila aliyepita chuoni. Lililo gumu si hukumu, ni mazungumzo. Mgonjwa hamwambii daktari kuwa atafunga kwa kuogopa kukatazwa. Daktari haulizi kwa kuwa foleni ni ndefu. Na imamu, ambaye angesikilizwa kuliko wote wawili, hajui majina ya vidonge. Mahali ambapo watu hawa watatu wamekutanishwa mwezi wa Shaabani, kazi kubwa imekwisha kufanyika.

Mimba, utoto na pombe

Mama mjamzito hufika haraka mahali ambapo wengine hufika polepole. Mwaka 1982 ilionyeshwa kuwa katika miezi ya mwisho ya mimba, kuchelewesha tu chakula cha asubuhi kwa saa chache hushusha sukari na kupandisha ketoni kwa kiasi ambacho kwa mwanamke asiye na mimba kingehitaji mfungo mrefu zaidi. Mtoto aliye tumboni huchota bila kukoma.

Mtoto mdogo naye ana ubongo mkubwa na ini dogo. Akiba yake kwa kila saa ni haba, na ugonjwa huipunguza zaidi. Katika malaria kali vimelea hula glukosi, ini huchoka, na kwinini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo dawa ya kutegemewa, huongeza utoaji wa insulini. Ndiyo maana mtoto mwenye malaria aliyezimia hupimwa sukari kabla ya jambo lolote. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti badala ya kwinini kwa watoto hao tangu mwaka 2011, lakini njaa ya mtoto mgonjwa aliyekataa uji tangu jana haikuondoka pamoja na kwinini.

Pombe yahitaji maneno machache. Ini linaposhughulika kuvunja pombe, huzuiwa kutengeneza glukosi mpya. Kwa mtu aliyekula hilo si neno, kwa kuwa glikojeni ipo. Kwa mtu ambaye hakula tangu jana na ambaye ghala lake limekwisha, chupa ya gongo hufunga mlango wa mwisho. Wapitao humwona amelala kando ya njia wakasema amelewa. Huenda ni kweli, na huenda sukari yake imekwisha.

Mfungo wa hospitali

Upo mfungo mmoja ambao mtu hauchagui, nao ni ule wa kabla ya kupasuliwa. Sababu yake ni kwamba aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hupoteza uwezo wa kuzuia vilivyomo tumboni visirudi kooni na kuingia mapafuni. Kwa miaka mingi amri ilikuwa moja kwa wote: usile wala usinywe kitu tangu usiku wa manane. Amri hiyo ilikuwa rahisi kuikumbuka, lakini haikulingana na utendaji wa tumbo, maana maji hupita tumboni upesi sana na chakula hukawia. Mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani, unaofuatwa pia katika nchi nyingi nyingine, huruhusu kwa mgonjwa asiye wa dharura chakula chepesi mpaka muda wa saa 6 kabla, maziwa ya mama mpaka muda wa saa 4, na maji matupu mpaka muda wa saa 2. Katika wodi ambamo orodha ya upasuaji huanza asubuhi na kwisha jioni, mtoto wa mwisho katika orodha, akifungishwa tangu usiku wa manane kama wenzake wote, huweza kupelekwa chumba cha upasuaji akiwa na saa 15 bila tone la maji, muda unaozidi saumu ya mtu mzima. Muuguzi mwenye saa ya ukutani na orodha iliyoandikwa muda wa kila mgonjwa aweza kumpa kikombe cha maji saa 4 asubuhi bila kuvunja kanuni yoyote.